Uzao wa Kushi Hauli Samaki

Kwa habari za ufalme wa Kushi, mtaa wetu wote wa Alief, huku ughaibuni, hakuna ajuza wa kunifikia. Shule niliachia darasa la sita, na yote niyajuayo nilifundishwa na jirani yangu Mzee Kiprop asubuhi moja ya Agosti 2018, akiwa ameziba pua na mdomo kwa leso.

Mfuko wa taka ulikuwa mbele ya mlango wao, ukinuka samaki aliyevunda. Nzi wa kijani walikuwa wameshaalikana.

"Mfalme Piye wa Kushi alipoiteka Misri," mzee alimwambia mwanawe Erick, maneno yakivurugika ndani ya leso, "wakuu waliokula samaki aliwaacha nje ya jumba. Hakutaka hata kuwaona. Wazee wetu walitoka huko. Wewe umeoa nini?"

Lydiah, mke wa Erick, alisimama mlangoni na sare zake za unesi, mimba ya miezi saba ikimtangulia. Tangu mzee aje kutoka Eldoret, samaki alipigwa marufuku nyumbani humo, na binti huyo wa Homa Bay, aliyelelewa kando ya ziwa kwa samaki, alibaki kumeza mate tu.

"Baba, sijagusa samaki tangu uje."

"Basi amejikaanga mwenyewe, akajila, akajitupa."

Erick alitema mate kando. "Jana nilikuuliza kama umekula samaki, ukakataa. Ukinidanganya kwa samaki, hilo tumbo nalo nisadiki nini? Funga nguo. Nitakupeleka kwa dadako mjini Garland, ujifungulie huko."

Lydiah alitoa glavu mfukoni mwa sare, akazivaa polepole kama anayemwendea mgonjwa.

"Nguo nitafunga. Kwanza tuone nilichokula."

"Wacha huo unajisi!" Mzee aliruka mbele, leso bado mdomoni.

Alikuwa amechelewa. Lydiah aliushika mfuko kwa chini, akaupindua. Ute ukamwagika, magamba, matumbo meusi, mabuu yakijinyonganyonga ndani ya gazeti lililolowa mafuta. Erick alirudi nyuma hadi ukutani.

Lydiah akalifunua gazeti kwa ncha ya kidole. Ndani mlikuwa na meno ya bandia, safu nzima ya juu, yangali yameuma mkia wa samaki.

Erick aliyatazama, akamtazama babake.

"Baba," alisema, "hebu toa leso, utabasamu kidogo."