Nguruwe wa Saa Kumi na Mbili na Nusu

Nguruwe alikuwa akitafuna tena. Maziwa yalimchuruzika kidevuni, makombo ya mahindi yakamganda puani, na baada ya kila tonge alinyonya meno, akameza kwa mlio mzito, akacheua. Garrett Wojtas alizima spika.

"Umezima utamu," alisema Tobin, mwenzake katika kazi ya katuni. "Hivi nguruwe mwenye mdomo wa namna hii ulimpata wapi?"

"Nyumbani kwetu, Toledo."

"Sikujua mlifuga."

Garrett aliinamia mchoro wake. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoficha kinasa sauti nyuma ya boksi la vipande vya mahindi vya kula na maziwa, asubuhi moja, mezani kwa wazazi wake. Baadaye alichora nguruwe wa kuufuata mlio ule. Sauti yenyewe ilikuwa ya sekunde sita tu, ikirudiwarudiwa, kwa sababu watu walifungua mtandao kwa laini ileile ya simu ya nyumbani, ikawa haipatikani mpaka wamalize, na faili zito liliwafukuza. Ndiyo katuni iliyowapa jina. Kitabu cha wageni kwenye tovuti yao kilijaa pongezi za ajabu: "Nimetapikia kibodi. Leteni nyingine."

Wakaleta nyingine. Kamasi, majipu, inzi ndani ya supu. Miaka minne sasa Garrett alikuwa akiamka, anapiga mswaki, kisha anaketi kuchora matapishi, na kila mara anajiuliza ni rangi gani ya kijani itachukiza zaidi. Mwaka jana, kwenye mazishi ya baba yake, padri alimuuliza anafanya kazi gani. Alisema "kompyuta," akaangalia viatu vyake.

Sasa mlango ulikuwa umefunguka. Mwanamke mmoja mwenye kampuni ya katuni za chekechea alitaka watu wawili wa kuchora herufi na wanyama. Jumatatu angeipitia tovuti yao.

"Nikikuta uchafu mahali penye majina yenu," alisema kwenye simu, "tusijuane."

Kwa hiyo katuni zote zilipaswa kufutwa kufikia Ijumaa jioni, kuanzia na nguruwe.

"Kuna mtu utamvunja moyo," alisema Tobin, akigeuza kioo cha kompyuta. "Njoo umwone mgonjwa wetu."

Ilikuwa orodha ya waliofungua kurasa zao. Hapakuwa na majina, namba ya kila kompyuta na muda tu. Mtu mmoja alimfungua nguruwe kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Katuni ikiisha, anaifungua upya. Mara ishirini mfululizo, kisha basi mpaka kesho yake. Hakuwahi kukosa, hata Jumapili. Hakuwahi kufungua katuni nyingine.

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

Garrett alisogeza kiti mbali na kioo. Alimwona mtu huyo bila kumjua: mnene, nguo za ndani zina madoa, mdomo wazi, akifurahia kitu ambacho binadamu mzima hapaswi kukifurahia. Na saa ya chai. Nani anakunywa chai na uchafu ule?

"Na mimi ndiye ninayempikia," alisema.

"Usijitie utakatifu, bwana. Wewe mpishi tu."

Aliyekuwa amemwonyesha kwa hakika jinsi katuni ile inavyochukiza alikuwa mama yake, Bernadine. Krismasi iliyopita, Garrett alimpelekea kompyuta yake ya zamani ili waandikiane barua pepe. Alipokuwa akimfundisha kufungua kurasa, nguruwe akajitokeza kwa bahati mbaya. Mama alisikiliza sekunde chache, akajiziba mdomo kwa leso, akatoka chumbani. Hawakulizungumza tena. Barua hata moja hakuandika.

Ijumaa asubuhi Garrett alimpigia kabla ya kazi. Kama kawaida, laini ilikuwa na mtu. Alijaribu mara nne ndipo ikaita.

"Shangazi yako Florence haishiwi maneno," alisema Mama. "Umekula?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Peke yangu, Mama. Nitakula na nani?"

"Si vizuri kula peke yako, mwanangu."

"Leo nasafisha kazi zangu zote. Zile za aibu. Nikipata hii kazi mpya utaweza kuwaambia watu kanisani mwanao anafanya nini."

"Mimi nawaambia siku zote," alisema Mama.

Jioni ile alifuta kila kitu kwenye tovuti. Kanda ya kinasa sauti aliitupa zamani. Iliyobaki ilikuwa diski moja yenye sauti na michoro. Tobin alitaka iwekwe kabatini, kama ukumbusho.

"Ukumbusho wa nini?" Garrett alisema. Akaikunja kwa mikono miwili mpaka ikakatika, akaitupa kwenye pipa la taka, juu ya machicha ya kahawa, akanawa mikono kwa sabuni. Usiku huo alilala vizuri kuliko alivyolala kwa muda mrefu.

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, simu iliita. Alikuwa Mama. Garrett alishangaa, maana saa hizo laini yake haipatikani kamwe.

"Garrett, samahani kukuamsha. Hii kompyuta nadhani nimeiharibu."

"Imefanyaje?"

"Sijui. Nimeandaa sahani mbili, nimesali sala ya chakula, nimebonyeza vilevile kama kila siku," alisema, "na baba yako hali chochote."