Hoho za Mama

Hoho ya tatu ilimpasukia mkononi, na mama wa kambo akaitazama kama mtu aliyetukanwa. Nyama ya kusaga ilimwagika mezani. Watoto watatu waliokuwa wakichambua mchele upande wa pili waliiangalia bila huruma.

"Za Mama hazikuwa zinapasuka," alisema binti mkubwa.

"Umeshaniambia."

"Ulitakiwa uzichemshe kidogo tu."

"Ulisema zichemke mpaka zilainike. Haya, zimelainika."

Alikuwa fundi cherehani, na si wa kubahatisha. Mkono wa gauni aliupachika mara moja ukakaa. Lakini tangu aolewe na baba wa watoto hawa, mboga ilikuwa inamtoa jasho. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Wiki ya kwanza aliwauliza, kwa nia njema kabisa, marehemu mama yao alikuwa akiwapikia chakula gani wakafurahi. Watoto walitazamana. Kisha yule mkubwa, ambaye siku hizi mama wa kambo kimoyomoyo alimwita Hakimu, akajibu kwamba ni pilipili hoho zilizojazwa nyama na wali.

"Lakini usimwambie Baba," aliongeza. "Akimkumbuka Mama analia."

Basi hakumwambia. Mumewe aliendesha gari la wagonjwa na kila Jumamosi alishika zamu ya jioni, kwa hiyo siri haikuwa kazi kuitunza.

Zile za mwanzo Hakimu alizionja, akaweka kijiko chini na kusema Mama alikuwa anazifunika. Jumamosi iliyofuata mama wa kambo alikata vichwa vya hoho taratibu, akavirudishia juu kama kofia. Mtoto wa kati, mvulana, akatikisa kichwa: Mama hakuwa anafunika.

"Si mlisema alikuwa anafunika?"

"Alikuwa anafunika, halafu anafunua," Hakimu alimwokoa mdogo wake.

Kilichomshangaza zaidi ni kwamba nyumba nzima haikuwa na sufuria ambayo hoho zingeweza kusimama ndani yake. Kila moja aliyoijaribu, zilipepesuka na kulala ubavu kama walevi. Aliuliza marehemu alikuwa akitumia ipi.

"Ile iliyotoboka," alisema Hakimu.

"Iko wapi?"

"Ilitoboka."

Akanunua nyingine. Bado wali ulikuwa mgumu, halafu ukawa bokoboko, halafu vitunguu vikawa vikubwa mno. Fundi mwenzake, aliposikia malalamiko yale kazini, alimtania: "Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Naila mimi," alijibu. "Kila Jumapili, za baridi, peke yangu."

Ukweli ni kwamba alikuwa na hasira. Hasira na hoho, hasira na watoto, na zaidi ya yote hasira na marehemu, jambo lililomtia aibu, maana marehemu hana namna ya kujitetea. Na si chakula kilichomuuma. Watoto hawa walikuwa hawajamwita kitu chochote. Si mama, si mama mdogo, hata anti. Wakimhitaji walikuja kusimama mbele yake mpaka awaone. Alikuwa amejiaminisha kwamba siku hoho zikikubali, nao watapata neno la kumwita.

Sasa alitazama zile tatu zilizopasuka, akafungua aproni, akaiweka kwenye kiti.

Watoto waliacha kuchambua mchele.

"Yule mwingine alisusa tulipofika kwenye wali," kitindamimba alisema. Hakimu akamkanyaga mguu chini ya meza.

Habari za yule mwingine alizijua. Baba yao nusura amuoe, mwanamke akaondoka akisema watoto wa mwenziwe wamemshinda. Leo, kwa mara ya kwanza, alimwelewa.

"Umechoka?" mvulana aliuliza kwa upole ambao hakuuzoea.

"Nimechoka sana. Nimechoka na hoho, nimechoka na maelekezo yenu." Alizisogeza zile tatu mbele yake. "Nileteeni sindano yangu, na ule uzi mweupe wa pamba."

Hakuna aliyeinuka.

"Mama hakuwa anashona hoho," alisema Hakimu, lakini sauti yake haikuwa na nguvu ya siku zote.

"Mimi nashona."

Kitindamimba ndiye aliyekimbia kuuleta uzi, akamshikia mpaka kushona kukaisha. Mama wa kambo alizijaza upya hoho zile tatu, akazishona mpasuko kwa mpasuko, kwa mishono midogo iliyonyooka kama anamalizia shela la bibi harusi. Kisha akazisimamisha sufuriani pamoja na zile nzima, akafunika, na hakumuuliza mtu kama kufunika ni sawa.

Walipokaa kula, Hakimu alichagua yenye uzi. Alitafuna muda mrefu. Alimtazama mdogo wake, akamtazama kitindamimba, kisha akatafuna tena.

"Ndizo hizi," alisema.

Mama wa kambo alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu aolewe.

Hapo mlango ukafunguliwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeharibika, na baba alirudi mapema akiwa na njaa. Alifika mezani akasimama, mkono bado kwenye kifungo cha shati.

"Nani kaleta hoho humu ndani?" aliuliza. "Marehemu alikuwa hataki hata zivuke kizingiti. Akizigusa tu, uso mzima unamvimba. Watoto hawa hawajawahi kuzila maisha yao yote."

Watoto watatu waliinamia sahani. Mama wa kambo aliweka kijiko chini, taratibu, akawatazama mmoja mmoja.

"Mama," kitindamimba alisema, akimsukumia sahani yake, "niongeze nyingine yenye uzi."