Mti Alioukumbatia Mfagiaji

Usijifanye hukuona. Ulipita pale saa tatu asubuhi, mwanamke wa makamo amekumbatia mti, msumeno wa mashine unanguruma karibu na kiuno chake, nawe ukageuza uso kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

Huyo ndiye mfagiaji wa mtaa. Miaka kumi na tisa anaufagia, na hasahau. Anakumbuka halmashauri ilivyoanza kukata miti majike, kosa lao kuzaa: eti matunda yanachafua magari. Badala yao ikapanda madume matupu, vijiti vyote vimekatwa kwenye dume moja. Mtaa mzima ukawa mti mmoja uliosimama mara arobaini. Ugonjwa ukiupata mmoja, umeipata yote. Na dume peke yake, lichanue litakavyo, halileti mtoto mwenye damu mpya.

Jike lilibaki moja tu. Matunda yake mfagiaji aliyazoa kabla mtaa haujaamka, asijue mtu yameanguka wapi. Lakini mwaka jana tunda moja lilimpasukia mkurugenzi wa halmashauri kwenye kioo, gari likiwa mbioni. Ndiyo maana asubuhi hiyo afisa wa bustani alikuja na amri ya kukata jike, ila hakujua jike lenyewe ni lipi.

"Yote imechanua, na kwangu mimi ua ni ua," alisema. "Mama, wewe unaijua miti hii. Ni upi?"

Mfagiaji alitupa ufagio, akaukimbilia mti ulio mbele ya duka la viatu, akaukumbatia.

"Kateni yote! Huu niachieni!"

Afisa alicheka hadi kitambi kikatikisika. "Ahsante, mama. Umenirahisishia kazi."

Mwenye msumeno alikuwa mtoto wa kaka yake mfagiaji. "Shangazi, toka basi. Unaniaibisha kazini."

"Aibu unayo wewe? Nani alikufundisha kupanda miti, mlevi wa petroli we!"

"Ndiyo, ulinifundisha. Sasa toka, nisije nikakupunguza."

Aling'ang'ania mpaka mgambo wawili wakambandua kama stempu, kilemba kimejaa vumbi la njano la maua, analia kama aliyefiwa. Mti ukaanguka. Afisa akaandika kwenye faili kwamba jike limekwisha, akatia sahihi, akaenda kunywa chai. Wapita njia wakasema "pole, mama," pole ile isiyosimamisha mguu.

Miezi mitatu ikapita. Alfajiri moja yule mpwa alimkuta shangazi yake mbele ya posta, amepiga magoti chini ya mti ambao hakuna aliyewahi kuutupia jicho. Alikuwa anaokota matunda, ndoo imejaa pomoni.

"Shangazi! Jike si tulilikata?"

"Mlikata nilioulilia."

Ndoo bado iko pale posta. Usisimame kutazama: chukua mbegu, chimba shimo leo, kabla afisa hajamaliza chai.