Koti Liko Chini

Jua la saa saba lilikuwa linachoma Mtendeni nzima, na Zablon alikuwa amevaa jaketi mbili. Kichwani helmeti, machoni miwani ya kuchomelea vyuma, magotini vipande vya ndala vilivyofungwa kwa mpira wa tyubu. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Hakuvua kitu. Mtu wa safari ndefu havui.

"Leo Bagamoyo!" alinguruma, akipiga kiki. "Wapagazi walikwenda kwa miguu na pembe za ndovu begani, mimi nishindwe na gia tano?"

Pikipiki ikakohoa, ikazima. Watu waliojaa uani wakashangilia kama timu imefunga bao.

"Bagamoyo ipi?" alidakia Flavia kutoka kwenye masufuria, mwiko mkononi. "Mara zote unaishia Tura, hapo njiani tu!"

"Tura kuna mchanga, dada! Usicheze na mchanga wa Tura!"

Uwanja mzima ukacheka. Dafrosa hakucheka.

Alikuwa amekaa barazani na wanawake wenzake, sahani ya wali mbele yake. Wali ulishapoa. Tangu jana hajala, hagombi, hasemi na mtu. Anaitazama tu ile pikipiki. Na mwanamke akigomba una pa kuanzia, jamani. Akinyamaza, huna lako.

Zablon alilijua hilo. Ndiyo maana alijiapia kwamba hatoki uani pale mpaka Dafrosa acheke, au atukane, au atamke neno lolote lile. Na ilibidi afanye haraka, maana padri alikuwa njiani, na padri akishafika hapana mchezo tena.

"Mke wangu," alianza, akiinua kidole chenye glavu mbili, "usinune. Barabara imenifundisha mengi. La kwanza ni mzigo."

Akafunga nyuma ya pikipiki koti la mvua, juu yake godoro, sufuria, jembe na kiti cha plastiki.

"Kiti cha nini?" mtu akauliza.

"Cha kupumzikia."

"Si umekaa kwenye kiti cha pikipiki?"

"Hicho cha kazi!"

Akapanda kwa mbwembwe. Gurudumu la mbele likainuka lenyewe taratibu, Zablon akaning'inia kwenye usukani, kisha puu! Akalala chali juu ya godoro, miguu hewani.

"Umeona?" alisema akiwa palepale chini. "Mzigo wote usiweke nyuma. Lakini godoro halikosi faida."

Watoto walikuwa wanagaagaa kwa kicheko. Dafrosa akageuza uso, akatazama ukuta.

Zablon akajipangusa vumbi, akaisimamisha pikipiki, akapanda tena. Moyoni alianza kuogopa, lakini aliendelea.

"La pili! Chupa ya maji na chupa ya petroli zisifanane. Pale Tura niliinywesha pikipiki maji yote ya kunywa."

"Na wewe ukanywa nini?" wakamuuliza kwa pamoja.

"Msiniulize. Wiki nzima nilikatazwa kusogelea jiko."

Flavia alicheka mpaka akaangusha mwiko. Bibi mmoja akaomba ashikiliwe, mbavu zinamuuma. Dafrosa akavuta khanga mdomoni, akaing'ata. Zablon aliiona ile khanga. Akajua hapo pana mlango.

Akasimama ghafla, akatazama mbinguni kusikokuwa na wingu hata la dawa.

"Mvua!"

Akaruka kutoka kwenye pikipiki, akaanza kufungua kamba. Akatoa kiti. Akatoa jembe. Akatoa sufuria. Huku anatetemeka kwa baridi na kujifuta maji usoni.

"Koti la mvua liko wapi?" aliuliza kwa kilio.

"Chiniii!" uwanja mzima ukajibu.

Akalifikia koti chini kabisa, chini ya godoro, akalivaa, akafunga kifungo cha mwisho, akanyoosha mkono.

"Imekatika."

Akalivua. Akalikunja vizuri, akalirudisha chini kabisa. Juu yake godoro, juu ya godoro sufuria, jembe na kiti. Akakaza kamba kwa meno, akapanda, akapiga kiki.

"Mvua!"

Safari hii, kwa haraka, aliingiza miguu kwenye mikono ya koti. Ikakwama hapo. Akaanza kurukaruka uani amejifunga kama furushi la tumbaku, akiita Mungu na kuilaani Tura na mchanga wake, mpaka akaingia kichwa kichwa katikati ya kuku.

"Nilimwambia!"

Kila mtu akageuka. Dafrosa alikuwa amesimama, khanga imeanguka mabegani.

"Nilimwambia! Koti liwe juu! Kila siku naimba, koti liwe juu, yeye anaweka godoro!"

Kisha kicheko kikamtoka. Alicheka ameshika ukuta, alicheka ameshika tumbo, akakaa chini akicheka, na machozi yakaja humo humo kwenye kicheko, mengi, ya kwanza tangu jana. Wanawake wakamkumbatia, nao wanacheka, nao wanalia. Baadaye akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akavuta sahani, akamega tonge la wali baridi. Akala.

Zablon aliegemea pikipiki, hoi, akihema.

Hapo mlango ukafunguliwa. Nikolaus, kaka yake Flavia, akatoka ndani na padri aliyepitia mlango wa nyuma. Watu wakasimama. Nikolaus akaja moja kwa moja mpaka kwa Zablon, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Asante sana, mtani, mjane amekula," alisema. "Sasa vua nguo za mdogo wangu, tumtoe ndani tukamzike."