Pipa la Mwisho la Braulio

Anselmo, mwenye duka la dawa, alisimama katikati ya vita akiwa ameachama kama kifaranga, akiomba apigwe tena.

"Humu humu, Tello," alisema, akionyesha kooni. "Usiharibu kwenye shati."

Tello aliachia mpini wa bomba. Kila siku ya Mtakatifu Petro alipanda mlima wa Bilibio pamoja na mji mzima wa Haro, kaskazini mwa Hispania, wote wamevaa nyeupe, kwenda kurushiana mvinyo mwekundu hadi pasibaki mtu mweupe. Wengine walikuja na ndoo, wengine na viriba, na yeye na bomba lake la mgongoni, lile la kupulizia mizabibu dawa. Katika miaka yote hiyo alikuwa ametukanwa vizuri sana, lakini hakuwahi kuombwa nyongeza. Mvinyo wa vita ni mchanga, mkali, unachoma macho. Nani auombe?

"Onja mwenyewe kama unadhani nakutania," alisema Anselmo, ambaye alianza kuonja kabla misa haijaisha.

Tello akalamba kiganja. Hofu ilimfika kinywani kabla ya mvinyo.

Ghalani kwa Bi Casilda, ambako Tello alikuwa msimamizi, mapipa mawili madogo yalikaa bega kwa bega karibu na mlango. Moja lilikuwa la vita. La pili lilikuwa na mvinyo wa tempranillo, zabibu nyeusi za mizabibu mikongwe, za mwisho alizochuma mzee Braulio, mume wa Bi Casilda, kabla moyo wake haujagoma. Jumatatu mvinyo ule ulikuwa utiwe chupani. Mzee, akiwa kitandani, alimwapisha Tello asiuache ushikwe na mjinga yeyote. Na alfajiri ya leo, taa ya ghala ikiwa imeungua, Tello alikuwa amejaza bomba kutoka pipa la kushoto. Kushoto kwa anayeingia, au kwa anayetoka? Hapo ndipo akili yake ilipokuwa ikigota.

Alifikiria kukimbilia Ufaransa. Lakini bomba lilikuwa zito, na Wafaransa wangemcheka zaidi.

Wakati huo habari ilikuwa imeshatoka kinywani mwa Anselmo ikaenda inakoenda. Watu waliacha kupigana. Walijipanga mbele ya Tello, wamepiga magoti, midomo wazi, wakisukumana na kulaumiana kwa kuruka mstari. Mwalimu wa shule alisema anaonja cheri. Fundi magari alisikia harufu ya tumbaku. Padri alivua miwani asipitwe na tone, akaonja kitu ambacho, alisema, angekitaja akishaungama.

Ndipo Bi Casilda akaja, kofia imelowa, akiuliza ni ugonjwa gani umewaingia watu hawa.

Tello alimvuta pembeni. Alitamani matarumbeta yafunike sauti yake, lakini bendi nayo ilikuwa kwenye foleni.

"Mama, nimemrusha mzee."

"Mzee gani?"

"Braulio. Pipa lake. Nimewanyunyizia watu."

Bi Casilda alizishika ndevu za Tello, akazikamua kiganjani kama dekio, akalamba. Akafumba macho. Tello alianza kukusanya vyombo vyake kichwani: kitanda, redio, sufuria mbili. Angehamia kwa dada yake, ambaye angemkumbusha jambo hili kila mlo mpaka mmoja wao azikwe.

"Ni yeye," Bi Casilda alisema hatimaye. "Anaanza na hasira hivi hivi. Halafu anakulainikia."

Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa tumbo zima, mpaka akajishikiza kwenye bomba. Alimwambia Tello kwamba alikuwa akiiogopa Jumatatu kama jino la kung'olewa. Mume wake atiwe chupani, auzwe chupa moja moja kwa watu wa kumweka kabatini na kuwaonyesha wageni.

"Braulio hakuwahi kukaa kimya kwenye kabati hata siku moja," alisema. "Nimwagie. Mwagia wote. Na kazi yako iko pale pale, we mpumbavu wangu."

Akatanua mikono. Tello akampulizia kuanzia kofia hadi viatu, huku machozi yakimtoka kwa raha. Bi Casilda alicheza na Anselmo, akacheza na padri. Furaha ilipompanda hadi utosini akampigia simu mlinzi wa ghala: pipa lililobaki apelekewe Unai na wenzake uwanjani, wale vijana wanaoomba kila mwaka na kila mwaka wananyimwa. Ni mvinyo wa vita, mkali, alisema, lakini wana meno.

Bomba lilipokauka, mlima wote ulishuka ukiimba.

Uwanjani vijana walikuwa wamemaliza masufuria ya konokono na sasa walikuwa wanacheza mezani. Unai, kifua wazi, alimpa Tello kikombe cha plastiki kilichojaa barafu.

"Utuwie radhi, mjomba," alisema. "Ulikuwa mzito, hauteremki. Tumeuchanganya na soda ya kola."

Tello akanywa. Kwanza ilikuja sukari, kisha baridi. Halafu, polepole, nyuma ya yote hayo, ikaja cheri iliyoiva, ikaja tumbaku, ikaja kitu kirefu na kitulivu kisicho na haraka ya kuondoka. Hakuna mvinyo wa vita unaokaa ulimini muda wote huo.

"Umebaki?" aliuliza.

"Hicho ndicho cha mwisho, mjomba. Mwonjeshe na mama."

Bi Casilda, amefumba macho, alikuwa akifyonza ncha ya mkono wa gauni lake. Tello alipomsogezea kikombe, alikisukuma bila kukitazama.

"Kitoe hapa," alisema. "Leo simchanganyi Braulio na takataka."

Tello akamalizia kikombe, akatafuna na barafu.