Kaburi la Tatu Kutoka Mlangoni

Skolastika alifika kwenye magofu ya kanisa amekumbatia kijeneza cha mbao. Marehemu mama yake alimwachia maneno machache tu: baba yako yuko kaburi la tatu kutoka mlangoni. Kesho barabara ingepita hapo, kwa hiyo mifupa ya baba ilipaswa kutoka leo, ikalale kando ya mama.

"Nichimbe wapi, dada?" aliuliza Remijio, mchimba makaburi.

"La tatu kutoka mlangoni."

"Mlango upi?"

"Kwani kanisa lina milango mingapi?"

Remijio alionyesha kwa jembe. Ukuta wa huku ulikuwa umeanguka, na wa kule pia, hata usijue mlango ulikuwa upande gani. "Mimi nimelikuta hivi hivi."

Makaburi yalikuwa safu moja ubavuni mwa kanisa. Skolastika akahesabu kutoka ncha moja ya safu. La tatu lilikuwa tuta lisilo na msalaba. Akazunguka, akahesabu kutoka ncha ya pili. La tatu lilikuwa tuta jingine, nalo halina msalaba.

"Chimba yote mawili."

"Na huyo mwingine? Siku ya kufufuka aamke kwa watu asiowajua?"

"Usinichanganye, Remijio. Nimeshachanganyikiwa vya kutosha."

"Sanda yenyewe umeleta moja."

Skolastika akakaa chini katikati ya matuta mawili. Akafungua kijeneza, akaitoa sanda, akaikunjua magotini. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akaung'ata ukingo wake kwa meno, akaanza kuichana katikati.