Bega la Kurwa

Bibi Bibiana alikuwa amekalia kizingiti, miguu ameinyoosha, na nyumba haikuwa na mlango mwingine.

"Mtoto huyu hachomwi sindano," alisema. "Mniruke kwanza."

Winfrida, mke wa mwanawe Onesmo, alisimama ndani na kichanga Yunisi kifuani. Ng'ambo ya ua alikohoa Mzee Martini, mpangaji mwenzao. Ndiyo kwanza ameanzishiwa dawa za kifua kikuu.

"Mama, unasikia kikohozi hicho? Chanjo ya kukizuia ndiyo ya leo."

"Nasikia. Kikohozi kina dawa. Ulimi uliopotea una dawa?" Akaelekeza kidevu uani.

Kurwa, mwenye miaka sita, alikuwa akipanga dagaa juu ya mkeka, vichwa vyote vikitazama ziwa. Salamu za watu haitikii, lakini boti ikivuma mbali huko Kibirizi, yeye huguna mlio wake uleule kabla haijaonekana. Pacha wake, Doto, alikuwa akimsimulia kuku habari za jana.

"Daktari alisema ni usonji, Mama. Mtu huzaliwa nao."

"Daktari alikuwepo? Mimi nilikuwepo!" Majirani walishaanza kujongea, na Bibi Bibiana hajawahi kupewa umati akauacha upotee. "Leo nasema. Siku ile wewe hujiwezi kitandani, mimi nikatumwa kliniki na mapacha. Nikamchanjisha Kurwa peke yake. Doto nilimficha kwa Catherine, fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga, ndani ya kapu la vitambaa."

"Mbona Onesmo alikagua mabega ya wote wawili?"

"Alikagua bega moja mara mbili! Kurwa alikuwa na ule uzi mwekundu wa mkononi tuliomtambulia. Nikampitisha mbele ya baba yake kama Kurwa, nikazunguka chumbani, nikamvua uzi, nikamleta tena kama Doto. Mwanamume anajua kichanga? Alipokwenda ziwani nikamfuata Doto, nikawaogesha wote katika beseni moja, uzi nimeuweka kando, nikamfunga Kurwa uzi wake, kesho yake nikapanda gari kurudi Kasulu. Nani aliyejua?"

Majirani walicheka mpaka Mzee Martini akakohoa upya. Winfrida hakucheka. Aliwatazama mapacha uani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekumbuka kitu, halafu midomo ikaanza kumcheza.

"Kwa hiyo Doto hakuguswa kabisa, Mama?"

"Hata harufu ya spiriti hakuisikia! Ndiyo maana anaongea kama redio ya kinyozi."

"Na aliyechomwa alibaki na kovu?"

"La maisha. Njoo, Kurwa, baba, uwaoneshe hawa wabishi pale ulimi wako ulipotokea. Kovu lisipokuwepo, kichanga hicho nakibeba mimi mwenyewe hadi kliniki."

"Majirani, mmesikia," alisema Winfrida.

Bibi alimshusha Kurwa shati taratibu. Bega la kulia likatoka, laini kama yai. Akatazama la kushoto. Laini. Akalamba kidole, akarudi la kulia, akasugua.

Kurwa alivumilia kidogo, akajivuta, akarudi kwa dagaa wake.

Doto akamwacha kuku katikati ya hadithi. Akaja mbio, akipandisha mkono wa shati lake.

"Bibi, kovu ninalo mimi! Nikuoneshe njia ya kliniki?"